Dereva na Mwizi wa Kondoo

Watu wa jengo letu hapa Thamesmead, London, walimwita Dereva, na hata alipostaafu waliendelea kumwita hivyohivyo. Jina lake nalijua, maana nililiandika mara nyingi kwenye karatasi za kazi, lakini nikilitaja leo pale chini kwenye lifti hakuna atakayejua namsema nani. Alizaliwa wapi, mwaka gani, katika nyumba ya nani, hayo sitayasimulia, kwa sababu hata yeye hakuwa akiyasimulia. Ukimwuliza alijibu, "Mimi ni Mkenya, dada. Mengine utajionea." Nami nilijionea kwa miaka tisa.

Alikuwa mrefu, amenyooka kana kwamba alipigwa pasi pamoja na shati lake. Hakukimbilia basi hata siku moja. Alisema dereva mwenye akili humwona abiria anayetembea kwa utaratibu, na atamngoja. Mara nyingi hawakumngoja, naye alibaki kituoni akimtetea huyohuyo aliyemwacha: labda ana haja ndogo, labda bosi wake ni mkorofi. Akipanda alimsalimu dereva, akishuka alimshukuru kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma. Chai yake aliipikia kwenye sufuria, maziwa na majani na tangawizi kwa pamoja, na hakutambua kuwa ni chai kile kikombe cha maji moto kinachotumbukizwa kifuko. Kiswahili changu cha Tanga kilimchekesha. Nikimwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akatikisa kichwa. "Nyinyi watu mnasalimiana kama mko mbele ya hakimu."

Wezi hakuwapenda kabisa. Kuna mama mmoja wa ghorofa ya pili aliyekuwa abiria wake zamani, na bado anakumbuka siku Dereva alipozima injini katikati ya barabara ya Peckham, akasema kwa upole kwamba basi halitaondoka mpaka mkoba wa yule bibi kizee urudi mapajani mwake. Watu walilalamika, magari nyuma yakapiga honi. Alikaa tu, mikono juu ya usukani. Hatimaye mkoba ulitokea chini ya kiti, haijulikani umefikaje, na safari ikaendelea.

Na mtu huyohuyo alimpenda mwizi kuliko jamaa zake wengi. Mwizi mwenyewe alikuwa msichana wa Kizungu, Mwairishi, aliyekufa kabla bibi zetu hawajazaliwa. Dereva alimwita "mama mkwe".

Habari hizi nilizikuta kwa mkewe. Mimi hufanya kazi ya kutunza wagonjwa na wazee majumbani kwao, na kampuni ilinituma kwenye fleti yao, ghorofa mbili juu ya kwangu, nimwogeshe mkewe asubuhi katika miezi yake ya mwisho. Alikuwa Mzungu wa Australia, wa kisiwa cha Tasmania, muuguzi aliyekuja London akiwa kijana na kuolewa hapa. Kitanda chake kilijaa karatasi. Kila siku, kabla ya kumgeuza, ilinibidi kuhamisha karne nzima ya zamani kutoka kwenye shuka na kuiweka kwenye kiti.

Aliniambia kwamba zamani mahakama za Uingereza zilikuwa zikiwapakia wafungwa melini na kuwapeleka upande wa pili wa dunia wakafanye kazi, na kwamba waliomaliza kifungo, wengi wao, hawakuwa na namna ya kurudi. Watoto wao waliona aibu. Katika familia yake waliambiwa kwamba bibi wa bibi yake alitoka Uingereza kuja kufundisha watoto wa matajiri. Akiwa mtu mzima ndipo alipokuta rekodi. Bibi huyo hakuwa mwalimu, wala hakuwa Mwingereza. Aliitwa Honora, kwao Nora, msichana wa Ayalandi wa miaka kumi na tisa, aliyeiba kondoo mmoja wakati wa ile njaa kuu, viazi vilipooza mashambani, na kufungwa miaka kumi ng'ambo. Karani wa bandari alipima urefu wake, akaandika rangi ya macho yake, kovu kwenye kifundo cha mkono, majina ya kaka zake watatu, na mahali alipozaliwa. Mahali hapo paliandikwa *Carooveg*. Ramani zote za Ayalandi hazikuwa na mahali panapoitwa hivyo.

"Kwa nini inakusumbua hivyo?" nilimwuliza siku moja nikimpaka mafuta miguuni.

Akanieleza kwa Kiingereza chake cha kuvuta. Dereva alipompeleka Kenya kumtambulisha, shangazi zake walimketisha vizuri, wakamlisha, kisha wakamwuliza kwa heshima: kwenu ni wapi, na watu wako ni akina nani? Akataja mji wake, akamtaja baba yake, akamtaja babu yake. "Halafu nikanyamaza," akasema. "Walikuwa wakinisubiri niendelee, na mimi nilikuwa nimemaliza."

Wiki chache kabla ya kufariki alimwita mumewe nami nikiwepo. Alisema maneno machache: "Usihangaike na kaburi zuri. Nitafutie kwetu."

Dereva akajibu, "Sawa," kama mtu aliyeambiwa alete maziwa.

Baada ya mazishi kampuni ilinipangia wagonjwa wengine, lakini tuliendelea kuwa majirani, na kwa njia hiyo niliona kazi aliyoianza. Kila Jumanne alisafiri kutoka Thamesmead, mwisho wa jiji upande wa mashariki, mpaka Kew, karibu na mwisho upande wa magharibi, kwenye jumba la kumbukumbu za serikali. Alivaa suti ya kijivu na tai. Nilimwambia watu pale huenda na fulana. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Dada, naenda ukweni. Wewe umeona wapi mtu akaenda ukweni na fulana?"

Kwao, alisema, mbele ya mama mkwe mtu huchunga maneno, huchunga macho, huchunga hata namna ya kukaa. Hakuona kwa nini kifo kiondoe adabu hiyo. Kwa hiyo mbele ya karatasi iliyokuwa na jina la Honora hakuwahi kupiga miayo wala kulegeza tai.

Nilikwenda naye mara tatu siku zangu za mapumziko. Chumba cha kusomea ni kimya, unaruhusiwa penseli tu, na vitabu vikuukuu hulazwa juu ya mito ya sponji kama wagonjwa. Mara ya kwanza kijana wa mapokezi, mpole kabisa, alimwambia Dereva kwamba faili za koloni la Kenya zinaagizwa kwenye kompyuta zile za kushoto.

"Asante," akasema Dereva. "Ila mimi natafuta mwizi wa kondoo wa Ayalandi."

Kijana akadhani hakusikia vizuri. Mwaka wa pili alikuwa akimwekea kiti karibu na dirisha bila kuombwa.

Mwandiko wa makarani wa zamani ni mgumu, mistari imelala na mikia ya herufi inapanda juu ya nyingine. Dereva alijifunza kwa kuunakili mezani jikoni kwake, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka ukamwingia mkononi. Siku moja alinituma dukani Abbey Wood na karatasi ya vitu vyake. Muuza duka, Mgujarati wa Kisumu anayejua Kiswahili kuliko watoto wangu, aliigeuzageuza akaniuliza ni hati ya talaka au nini. Ilikuwa unga, vitunguu na sabuni ya kufulia.

Umbea aliuchukia. Ukianza habari ya jirani alinyanyuka akaosha vikombe. Lakini wafungwa wa melini aliwasema bila kuchoka, kana kwamba wanakaa ghorofa ya nne. "Unamkumbuka yule Bridget wa mablanketi?" alizoea kuniambia kwenye ngazi. "Ameolewa tena. Na yule bwana mlevi wa kwanza bado yu hai." Ilikuwa inanichukua dakika nzima kukumbuka kwamba wote hao ni mavumbi.

Aliwavumilia wafu kuliko walio hai, na hilo ndilo lililomponza kwa binti yake. Walikuwa na mtoto huyo mmoja tu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa hapahapa, anafanya kazi ofisini mjini. Kiswahili anakielewa chote, hujibu kwa Kiingereza. Kila alipokuja kumsalimu baba yake alikuta meza imefunikwa na karatasi na hakuna pa kuweka sahani. Mara moja nilikuwapo.

"Baba, mimi ni mweusi katika mji huu," alimwambia. "Nikiingia dukani mlinzi ananifuata nyuma. Sasa unataka nianze kutangaza kwamba hata upande wa Wazungu wetu ni wezi?"

Dereva alicheka, na mimi nikacheka. Binti hakucheka. Akasema kwamba mama yake alikufa, na tangu siku hiyo hawajawahi kukaa wakazungumza habari zake, wanazungumza habari za kondoo. Akachukua koti lake. Nilimfuata kwenye ngazi, naye akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Anamkimbilia marehemu asiyemjua, ili asimlilie yule anayemjua." Baada ya hapo akawa anapiga simu tu, na simu zenyewe zikawa fupi.

Nadhani binti alikuwa na haki. Mpaka wakati huo sikuwa nimemwona Dereva akilia, hata makaburini. Lakini nadhani pia hakuwa na njia nyingine ya kumshika mkewe. Wengine huweka nguo za marehemu kabatini. Yeye aliweka swali lake.

Miaka ikapita bila jibu. Aliandikia makanisa ya Ayalandi, wakamjibu kwa heshima kwamba mahali hapo hawapajui. Watafiti wa Kew walimsaidia kukisia tahajia, kumi na mbili, kumi na tano, zote zikagonga ukuta. Ikaja Jumanne moja nikapanda kumpelekea maandazi, nikijua nitayaacha mlangoni, nikamkuta ndani, saa tano asubuhi, na nguo za kulalia. Boksi la karatasi lilikuwa limefungwa kwa kamba.

"Hukwenda?" nikauliza.

"Labda karani alikosea tu, dada. Alikuwa amechoka, foleni ndefu, akaandika chochote." Akalisukuma boksi kidogo kwa mguu. "Labda mahali penyewe hapapo. Na mimi nimepoteza binti nikimtafutia mama yake mahali pasipokuwapo."

Nilirudi kwangu nikiwa mzito. Kesho yake nilikuwa Plumstead kwa bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, Mwairishi aliyepita miaka tisini, macho yamekwisha nuru. Siku zile alikuwa ameanza kusema maneno tusiyoyaelewa, na wenzangu waliandika kwenye daftari kwamba anaropoka. Asubuhi hiyo, nikimchana nywele, nilimwuliza anasema nini.

"Nasema lugha ya mama yangu," akajibu kwa Kiingereza safi. "Nimekaa miaka sabini bila mtu wa kuisema naye. Sasa naisema na sufuria."

Nikasimama na kitana mkononi. Nikamwuliza kama angependa kupata mgeni. Akasema angependa, mradi asiwe padri. Nikaomba ruhusa ofisini na kwa mwanawe, wakakubali, na Jumapili alasiri nikamleta Dereva na suti yake ya kijivu. Ilibidi nimsukume kidogo aje.

Alikaa ukingoni mwa kiti. Bibi akamwambia, "Soma, mimi sioni."

Akasoma lile neno *Carooveg* kama walivyolisoma Waingereza wa Kew, kwa kulimeza mwanzoni na kulikunja mwishoni. Bibi akatikisa kichwa. Hajawahi kulisikia. Akasoma tena. Hapana. Dereva akaanza kukunja karatasi yake, na nikaona kwamba safari hii akiikunja hataikunjua tena.

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mzee, lisome kama la kwetu. Herufi kwa herufi, usimeze kitu."

"Ka-ru-veg," akasema.

Bibi akaacha kutafuna biskuti. "Rudia."

"Ka-ru-veg."

Bibi akalisema yeye. Lilikuwa neno lilelile, ila lilikuwa na pumzi katikati. Kisha akasema maana yake: robo ndogo. Ardhi ya kwao, akaeleza, iligawanywa kwa robo, robo kubwa, robo nyekundu, robo ndogo, na watu wakaishi humo. Kwenye ramani za Waingereza neno hilo lina *b* mahali ambapo mdomo wa mwenyeji husema *v*. "Karani wako aliandika alichosikia," akamwambia Dereva. "Waliochora ramani waliandika walichotaka. Mlikuwa mkimtafuta kwenye *v*, yeye yuko kwenye *b*."

Dereva alifungua mdomo, bibi akainua kidole. "Usifurahi. Upande wote wa magharibi umejaa robo ndogo. Kaka zake waliitwaje?"

"Patrick. Michael."

"Ayalandi nzima ni Patrick na Michael."

"Wa tatu hasomeki vizuri. Kuna M, kuna nukta, halafu Darra. Mke wangu aliamini kwamba hiyo M ni kifupi cha jina, na Darra ndiyo ukoo."

"Acha nukta. Soma lote kwa pamoja."

Dereva akasoma kama angesoma neno Mzaramo au Mkamba: "Mdara."

Bibi alicheka mpaka nikamshikia kikombe. "Makdara," akasema. "Ni Makdara. Ni jina la mtakatifu wa kule kwetu, mwenye kisiwa chake baharini. Watoto wa kiume hupewa jina hilo kwenye pwani moja tu ya Galway, na pwani yenyewe utaimaliza kwa miguu siku moja ukiwa na viatu vizuri. Robo ndogo yako iko hapo."

Dereva hakupiga kelele. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akashusha kichwa mbele ya mwanamke asiyeweza kumwona.

"Mama," akamwuliza, "kwenu na hapo ni mbali?"

"Ng'ambo ya ghuba. Asubuhi tulikuwa tunaona moshi wa jikoni kwao."

Njiani kurudi, ndani ya basi, alikaa karibu na dirisha mpaka Abbey Wood. Tulipofika akasahau kumshukuru dereva. Alirudi hatua tatu na kugonga kioo ili amshukuru.

Sasa alijua pa kuuliza. Akawaandikia watunza kumbukumbu wa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, akataja wilaya, akataja pwani, akauliza kama kuna karatasi yoyote ya kesi ya Honora. Baada ya wiki kadhaa ikaja nakala ya barua moja ya maombi. Mama yake Honora ndiye aliyeipeleka kwa wakubwa, padri akimwandikia, kuomba bintiye asipelekwe ng'ambo. Robo Ndogo iliandikwa vizuri, kwa *b*, pamoja na jina la parokia. Mama alieleza kwamba kondoo aliibwa kwa sababu ndugu wadogo wa Honora walikuwa hawajala, kwamba binti huyo ndiye aliyebeba mwani kutoka pwani kurutubisha shamba, na kwamba kama ni adhabu basi apewe hapohapo, mahali ambapo mama ataweza kumwona. Pembeni mkono mwingine uliandika maneno machache ya kukataa. Chini mama alitia alama ya msalaba badala ya sahihi, kwa wino uliotawanyika.

Dereva aliniita nipande. Alikuwa amenyoosha kidole juu ya ule msalaba, hakuugusa. "Hakujua kuandika," akasema. Kisha akaingia bafuni, maji yakafunguliwa, yakatiririka kwa muda mrefu. Nikayaacha yatiririke.

Alipotoka alimpigia simu binti yake. "Njoo usome kitu. Mimi siwezi kukusomea."

Binti alitoka kazini akaja moja kwa moja, akasoma akiwa amesimama na koti mwilini. Alipofika mwisho akarudia mstari mmoja. "Alitaka tu awe anamwona," akasema kwa Kiingereza, na akakaa chini sakafuni, hapo alipokuwa. Baba yake akashuka taratibu, magoti yakimsumbua, akakaa naye. Nilimsikia binti akimtaja mama yake, si Honora, na Dereva akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Nikachukua viatu vyangu na kufunga mlango polepole.

Walikwenda Ayalandi wakati wa majira ya kuchipua, baba na binti. Dereva alibeba majani ya chai ya Kericho, sukari, na blanketi jipya, kama mkwe anayejua wajibu wake. Binti ndiye aliyenisimulia yote waliporudi, jikoni kwangu, akinionyesha kwa mikono nani alikaa wapi.

Padri wa pale aliwaelekeza kwa mzee mmoja mwenye jina la ukoo lilelile la Honora. Nyumba ilikuwa ya mawe, imepakwa chokaa, bahari iko chini kidogo. Mzee aliwafungulia, akawaona watu wawili weusi, mmoja ana tai na blanketi, akadhani wamepotea njia. Dereva akajitambulisha, akataja jina la Honora, akataja kondoo. Yule mzee akakaa.

"Nora," akasema. "Aliyechukuliwa."

Walikuwa hawajamsahau. Kizazi hadi kizazi walisimuliana kwamba palikuwa na msichana aliyepakiwa melini kwa ajili ya kondoo, na kwamba mama yake alikufa bila kujua kama meli ile ilifika au ilizama. Nyuma ya nyumba kuna kishamba ambacho mpaka leo kinaitwa cha Nora. Dereva alikuwa amekuja kuuliza habari. Akagundua kwamba yeye ndiye mwenye habari.

Akasimama katikati ya chumba. "Alifika," akasema.

"Alifika?"

"Alifika. Alimaliza kifungo chake, akaolewa na fundi seremala, akazaa saba. Alikufa mzee, kitandani kwake. Mjukuu wa mjukuu wake alikuwa mke wangu. Na huyu hapa ni mtoto wa mke wangu."

Mzee aliuliza tena mara mbili kama kweli alifika, na mara zote mbili Dereva alimjibu kwa utulivu uleule. Kisha mzee akamshika binti kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema paji hilo la uso ni la dada yake mtupu. Akachukua simu. Kabla chai haijachemka nyumba ilikuwa imejaa watu, na kila aliyeingia aliambiwa mlangoni, "Nora alifika," na kila mmoja aliuliza swali lilelile. Jioni ile walimpeleka binti kwenye shamba la Nora. Alitoa picha ya mama yake kwenye pochi, akaishika mbele ya kifua, uso wa picha ukitazama ukuta wa mawe na bahari, akasimama hivyo mpaka mikono ikachoka.

Waliporudi, Dereva alikwenda Plumstead kabla hata ya kufungua sanduku, akampelekea yule bibi mfuko wa mwani mkavu wa pwani ile, unaoliwa hivihivi kama korosho. Bibi alikula huku akiuliza habari za nyumba moja baada ya nyingine. Zile asizozijua Dereva aliahidi kwenda kuziuliza, na akaziuliza kweli kwa simu, akazileta. Nadhani wiki zile ndizo nilizomwona mwenye furaha kuliko wakati wowote. Mezani kwake palipatikana pa kuweka sahani, na Jumapili binti alikuwa akija kupika.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa kiangazi kilichopita, asubuhi, kituo cha treni cha Abbey Wood. Nilikuwa naenda kazini. Yeye alikuwa na sanduku dogo na suti mpya imefunikwa kwa nailoni, ameibeba begani kwa kidole kimoja. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia mjukuu wa yule mzee wa Robo Ndogo anaolewa Jumamosi.

"Mzee mwenyewe haruhusiwi tena kuendesha gari, macho," akasema. "Kwa hiyo wameniomba mimi nimpeleke bi harusi kanisani."

"Na zile barabara zao nyembamba?"

"Dada, nimepitisha basi la ghorofa mbili Peckham siku ya mvua. Bi harusi mmoja atanishinda?"

Tulipanda pamoja. Mimi nashuka kituo kinachofuata, Woolwich, kwa hiyo hatukuwa na muda. Nilimwuliza binti yake yuko wapi, akasema ametangulia tangu Jumatatu, ndiye msimamizi wa bi harusi. Nilimwuliza atakaa siku ngapi. Akasema alipanga tatu, wao wakapanga kumi, na mambo ya ukweni hayabishaniwi.

Treni ilipopunguza mwendo nilisimama, naye akasimama, akanipa mkono kwa mikono yote miwili. Nikashuka. Milango ilipokuwa inafungwa alikuwa ameshakaa, suti mapajani, akimweleza abiria wa pembeni, ambaye hakuwa amemwuliza chochote, kwamba huko anakokwenda wamemtengea chumba chenye dirisha la baharini, na kwamba habari za hoteli hawataki hata kuzisikia.